Mshauri wa mdogo wangu ni wa WhatsApp. Nitajuaje kama anafaa?

FundiKioo_Moro aliandika:

Habari za usiku wanajamvi. Naomba mawazo yenu, na wenye mzaha naomba wanipishe leo.

Mimi ni fundi simu, nipo Morogoro. Mdogo wangu wa kike yuko Kahama, ameolewa, ana mtoto wake wa kwanza wa miezi minne. Shemeji anafanya kazi mgodini Geita, nyumbani anarudi kwa zamu. Tangu mtoto afikishe kama wiki sita, mdogo wangu amebadilika. Simu anapokea, lakini anaongea kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Na huyu ndiye alikuwa mcheshi wa ukoo mzima.

Huu ni mwezi wa pili amepata mshauri mtandaoni. Alimwona Instagram, wakahamia WhatsApp. Kikao kimoja shilingi 30,000, dakika arobaini na tano kwa sauti, na katikati ya wiki anaruhusiwa kumwandikia muda wowote. Anasema anamsaidia. Mimi nilishukuru, kwa sababu siku moja nilimsikia anacheka. Akanitumia na ukurasa wa huyo bwana niufuatilie.

Juzi usiku nimefungua stetasi za huyo mshauri. Ameweka skrinshoti ya ujumbe wa mteja, jina kalifuta kwa rangi nyekundu, juu kaandika: "Ushuhuda. Mama huyu alinijia akiwa hivi, leo anatabasamu." Ujumbe wenyewe ulisema: "mgeni wetu analia tangu saa nane na mimi nimekaa namtazama tu, sisikii chochote moyoni."

Kwetu mtoto mchanga anaitwa "mgeni wetu" mpaka atakapotambaa. Bibi ndiye aliyeanzisha. Sijawahi kusikia nyumba nyingine wakiita hivyo. Nilijua ni yeye kabla sijamaliza mstari.

Sijamwambia. Naogopa nikimwambia ataacha kuongea na mtu yeyote kabisa. Hospitali amekataa, anasema Kahama watu wanajuana, akionekana kwenye foleni ya "wale" mama mkwe atakuwa ameshajua kabla hajafika nyumbani. Ukurasa wa mshauri umeandikwa "mwanasaikolojia mwenye cheti cha kimataifa". Pesa zinaenda kwenye namba yake binafsi, hana lipa namba.

Je, hizi huduma zina viwango vyovyote? Mtu wa kawaida kama mimi napimaje?


Chuma_Tabora aliandika:

Mkuu pole. Ila hizi sonona zimekuja na bando. Bibi zetu walizaa kumi na wawili na hakuna aliyekuwa na mshauri. Mwambieni asali.


SistaWaZamu aliandika:

Chuma, bibi yako alizaa kumi na wawili, sawa, na nyumba ilijaa shangazi na wake wenza wa kumpokea mtoto. Huyu mume yuko Geita na mtoto analia saa nane usiku. Kusali asali, na damu ikapimwe pia. Nitarudi kwenye damu.

Fundi, mwanangu, mimi ni nesi wa afya ya akili. Nilisomea Dodoma, Mirembe, nimekaa wodini miaka 19, kisha nikafanya miezi 14 kwenye kampuni moja ya ushauri wa mtandaoni ambayo siitaji jina. Kwa hiyo nimeyaona ya ana kwa ana na ya kwenye skrini.

Ile skrinshoti imekukera na una haki. Lakini kwangu mimi neno lililonishtua kwenye maelezo yako ni "muda wowote". Kila anayefanya kazi hii mtandaoni analiandika hilo kwenye ukurasa wake, linauza. Sasa muulize: muda wowote, saa nane usiku, mama ameandika kitu cha kutisha, wewe mshauri umelala au umeamka, utafanya nini? Utampigia nani?

Nikusimulie kwa nini nauliza. Nilikuwa zamu ya usiku, tupo wawili, mwenzangu ana homa kajiegemeza kwenye kiti. Huduma yetu ilikuwa ya maandishi tu, ndani ya apu. Mteja alijiita Njiwa. Tumeongea nusu saa habari za madeni, mara akaandika sentensi ambayo nesi wa akili anaitambua hata ije imejifunga khanga: "Asante sista, umekuwa mtu mwema, sasa nimeelewa cha kufanya."

Nikafungua taarifa zake. Umri, 25 hadi 34. Kikatuni cha uso alichochagua kuonyesha hisia za leo. Basi. Mji hakuna, simu hakuna, ndugu hakuna. Namba aliyolipia ilikuwepo, ila ilikuwa kwa watu wa hesabu, na watu wa hesabu usiku wanalala. Meneja simu imezimwa.

Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Akasema ndiyo. (Kumuuliza mtu swali hilo hakumpandikizii wazo. Limechunguzwa sana, na wodini nimeona mwenyewe: wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna mtu kauliza.) Nikamuuliza anasikia nini nje. Akasema mabasi yanawashwa. Kumbe anaishi jirani na stendi, lakini nchi hii ina stendi ngapi? Nikamuuliza nani analala upande wa pili wa ukuta. Kuna mama muuza chapati, anaamka saa kumi kukanda unga. Nikamwomba agonge ukuta. Dakika ishirini na mbili hakuandika kitu, nilizihesabu kwenye saa ya ofisini. Kisha ukaja ujumbe wenye herufi zilizokosewa kosewa: "mimi mama Neema huyu binti nipo nae wewe nani"

Asubuhi ofisini nilipigiwa makofi. Mimi nilijua kilichomwokoa ni chapati.

Wiki iliyofuata nikaomba fomu ya kujiunga iongezwe maswali matatu: uko wapi, namba yako, na mtu mmoja tunayeweza kumwita. Nikajibiwa kwamba fomu ikirefuka wateja wanakimbia njiani. Na ukutani, nyuma ya aliyekuwa ananijibu, palikuwa pamebandikwa viwango vya Australia, vimechapishwa kwa rangi, kwa sababu wafadhili walikuwa wanakuja Alhamisi. Miezi miwili baadaye niliacha kazi.

Vile viwango nilivisoma vyote, nilikuwa na usiku mwingi. Vilitolewa Novemba 2020 na tume ya nchi hiyo inayosimamia usalama na ubora wa huduma za afya, na vimeandikwa kwa ajili ya afya ya akili ya kidijitali tu. Viko vitatu: uongozi wa kitabibu na kiufundi, kushirikiana na watumiaji, na namna huduma yenyewe inavyotolewa. Kwa lugha ya jikoni wanauliza hivi: mambo yakiharibika nani anawajibika kwa jina? Mtumiaji ameelezwa gharama na safari ya taarifa zake kabla hajaanza kumwaga moyo? Na hali ya mtu ikizidi kuwa mbaya, mtaitambuaje, na mtampeleka wapi? Havimfungi mshauri wa Instagram wa Tanzania, ila kama rula ya kumpimia vinafaa kabisa.

Ukiniuliza mimi kitu kimoja cha kuangalia, ni hiki. Mshauri mzuri wa mtandaoni, kila kikao, hata cha ishirini, anaanza na "Uko wapi sasa hivi? Uko peke yako?" Inachosha, wateja wanacheka, wengine wanakasirika. Nesi wa wodini halazimiki kuuliza, mgonjwa yupo kitandani namba saba. Kwenye simu hujui kama mtu yuko sebuleni au yuko juu ya daraja. Muulize mdogo wako kama aliwahi kuulizwa hilo hata mara moja.

Kuhusu cheti. Daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, mimi nina Baraza la Uuguzi na Ukunga, na namba yangu ya usajili nikiombwa naitoa bila kukunja uso. Huyo bwana mwombe ya kwake na chombo kilichompa. "Cheti cha kimataifa" ni maneno matupu yasiyosema chuo gani, muda gani, nani alimsimamia. Halafu muulize nani msimamizi wake wa kitaaluma, yaani mtu anayempelekea kesi ngumu. Akisema hana, kwamba yeye anatosha, fahamu hapo.

Na ile skrinshoti: kufuta jina hakutoshi, wewe mwenyewe ni ushahidi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na habari za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti zinazotaka ridhaa ya maandishi. Ipo Tume yake, inapokea malalamiko. Lakini malalamiko ni ya mdogo wako, si yako. Yeye ndiye aliyevuliwa nguo.

Angalizo: ukienda kumhoji huyo mshauri, jifanye mteja mpya. Usimtaje mdogo wako. Ukimtaja, mtu mwenye maadili atakwambia "siwezi kusema kama namfahamu au simfahamu", na mazungumzo yataishia hapo.

Sasa yeye mwenyewe. Usianze na stetasi. Mpigie, muulize usingizi: mtoto akilala, na wewe unalala? Mama aliyechoka analala kama gogo. Anayekesha wakati mtoto amelala, huyo namtaka aonwe wiki hii. Akianza kusikia sauti, au kuamini mtoto ana kitu kibaya ndani yake, au kuongea haraka haraka bila mpangilio na halali kabisa, hapo hakuna wiki hii wala kesho. Ni leo, hospitali, na asibaki peke yake na mtoto.

Foleni ya "wale" haimhusu. Si anampeleka mtoto kliniki kupima uzito? Aende na kadi ya mtoto kama kawaida, akifika kwa nesi aseme "sista, na mimi siko sawa". Hakuna atakayejua amekaa muda mrefu kwa sababu gani. Kuna kipimo cha Edinburgh, maswali 10, kimetumika tangu 1987 kwa akina mama waliojifungua. La kumi linauliza habari za kujidhuru, na linasomwa peke yake: hata jumla ikiwa ndogo, la kumi likijibiwa chochote zaidi ya "hapana kabisa", mama anakalishwa chini. Na wampime damu. Upungufu wa damu baada ya kujifungua unamfanya mtu awe mzito, mchovu, bila hamu, na tezi ya shingo nayo ikivurugika inafanya hivyo hivyo. Mshauri wa simu hawezi kuona weupe wa kucha. Lakini miezi miwili anachukua pesa na hajawahi kumwambia "dada, umepima damu?" Hilo nalo ni kiwango.


Wakesho_Voi aliandika:

Pole sana ndugu. Mimi niko Kenya, namaliza masomo ya ushauri nasaha. Huku tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kusajili na kutoa leseni. Hiyo haijazuia wajanja, TikTok imejaa "makocha wa uponyaji". Ujanja wao ni kukwepa neno lenyewe. Akijiita mshauri au mwanasaikolojia sheria inamuuliza, akijiita kocha anateleza. Kwa hivyo msiangalie anajiitaje, angalieni anafanya nini. Anayezungumza na mama mwenye sonona anafanya kazi ya tiba, hata ajiite mpishi.

Na sista ametaja jambo la kuuliza waziwazi. Watu wengi hawajibu kwa sababu wanaogopa polisi. Kwetu Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu cha 226 cha kanuni ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kwenu nadhani bado?


SistaWaZamu aliandika:

Bado, Wakesho. Kifungu cha 217 kipo. Ndiyo maana Njiwa hakutaka kunitajia mji. Alidhani nitamletea askari.


Dogo_Janja_Tz aliandika:

Mi naona yote hayo ya nini. Mi naongea na roboti ya akili mnemba, bure, haichoki, haipigi skrinshoti, na Kiswahili inakijua. Ampe mdogo wake atumie.


SistaWaZamu aliandika:

Dogo, sikukatazi kuongea nayo. Saa nane usiku kitu kinachokujibu kina nafuu yake, sitadanganya. Ila Marekani mwaka 2023 kulikuwa na roboti inaitwa Tessa, imewekwa na shirika la kusaidia watu wenye matatizo ya kula, watu wanaojinyima chakula mpaka wanakonda hatari. Ikaanza kuwapa ushauri wa kupunguza uzito na kuhesabu kalori. Waliizima. Na hiyo ilikuwa ya shirika kubwa, lenye wataalamu. Agosti 2025 jimbo la Illinois limepitisha sheria kwamba akili mnemba isitoe tiba ya kisaikolojia yenyewe, mtaalamu mwenye leseni anaweza kuitumia kwa kazi za pembeni tu.

Halafu hiyo roboti haiwezi kugonga ukuta wa mama Neema. Na kwamba haipigi skrinshoti, nani kakwambia? Wewe unayoyaandika yanakaa wapi? Hao BetterHelp, kampuni kubwa ya ushauri mtandaoni, yenye watu wenye leseni kabisa, 2023 ilibanwa na tume ya biashara ya Marekani na ikakubali kulipa dola milioni 7.8, kwa sababu iliwaahidi wateja usiri huku ikizipeleka taarifa zao Facebook na Snapchat kwa ajili ya matangazo. Fikiria umejaza fomu kwamba una huzuni, barua pepe yako inapelekwa kwa muuza matangazo.


Mpare_wa_Tampere aliandika:

Salamu kutoka Ufini, theluji hadi magotini. Nimesoma uzi huu wote na nimekumbuka mwaka 2020, naomba niongeze.

Huku kulikuwa na kampuni ya tiba ya kisaikolojia inaitwa Vastaamo, ina matawi nchi nzima. Watu walikuwa wanakwenda kukaa kwenye kiti wanaongea na mtaalamu halali, ana kwa ana. Hakukuwa na tatizo la vyeti. Ila maelezo ya vikao yalikuwa yanachapwa kwenye mfumo wa kompyuta, na mfumo ulikuwa umeachwa bila ulinzi wa kutosha, mwizi akaingia akabeba. Oktoba 2020 akajitokeza. Kwanza aliitaka kampuni imlipe bitcoin 40. Haikulipa. Akageukia wagonjwa mmoja mmoja kwa barua pepe: lipa yuro 200 ndani ya saa 24, ukichelewa 500, la sivyo kila ulichomwambia mtaalamu wako kinawekwa hadharani. Waathirika ni kama 33,000, kwenye nchi yenye watu milioni tano na nusu.

Ile wiki kazini kwetu watu walikuwa hawatazamani machoni. Huwezi kumuuliza mwenzako "na wewe umepata barua?", kwa sababu kuuliza tu ni kumvua. Kampuni ilifilisika 2021. Mwizi alikuja kukamatwa, Aprili 2024 akahukumiwa miaka sita na miezi mitatu.

Ninachotaka kusema, Fundi, ni kwamba hata huyo jamaa angekuwa profesa, bado ungemuuliza anaandika wapi na anafunga na nini.


FundiKioo_Moro aliandika:

Sista shikamoo. Wakesho, Mpare, asanteni.

Mpare, hilo la kufunga limenichoma kwa sababu mimi ndiye mtu wa upande wa pili. Simu ikifika mezani kwangu kioo kimepasuka, mwenyewe ananiachia na namba ya siri imeandikwa kwenye kikaratasi. Nikiijaribu kioo kipya, jumbe zinaanguka juu ya skrini moja baada ya nyingine, majina na sentensi nzima. Nimejifunza kutazama pembeni, lakini mafundi hatufanani. Kesho nampigia mdogo wangu nimwelekeze azime zile arifa za kuonyesha maneno na aweke ujumbe unaojifuta. Hiyo kazi naiweza.

Huyo mshauri nitamtafuta Jumamosi.


SistaWaZamu aliandika:

Marahaba. Kama mteja mpya, usisahau.


FundiKioo_Moro aliandika (siku sita baadaye):

Nimerudi. Sista, nilikuvunjia agizo.

Nilianza vizuri. Nikasema mimi ni mteja, nina mawazo, naomba kujua usajili wako. Akanijibu kwa sauti, dakika tano nzima: kozi ya mtandaoni ya wiki sita, usajili "upo kwenye mchakato", msimamizi hana kwa sababu yeye ndiye anasimamia wengine. Skrinshoti anasema wateja wote wameridhia, kwenye maelezo ya ukurasa wake kuna mstari unaosema ukitumia huduma umekubali. Nikaenda kuutafuta, upo kweli, chini kabisa, baada ya picha ya machweo.

Hasira zikanipanda. Nikamtaja. Nikasema mimi ni kaka yake fulani wa Kahama.

Sista, akaanza kunisimulia. Hakusita hata kidogo. "Aah, yule, kaka afadhali umekuja," na kuendelea. Habari za mume wake, habari za siku alizokuwa anajifungua, mambo ambayo mimi kaka yake sikutakiwa kuyasikia mpaka naingia kaburini. Nilikata simu. Nilikaa dukani nimezima taa.

Usiku huohuo nilimpigia mdogo wangu. Nilianza na usingizi kama ulivyosema. Hakuwa analala. Mtoto analala saa tatu hadi saa tano yeye anatazama dari. Nikamwambia habari za stetasi. Alinyamaza, akakata. Siku mbili hakupokea simu yangu. Sitaki kudanganya kwamba nilikuwa na uhakika nimefanya sawa.

Siku ya tatu alinitumia picha ya kadi ya kliniki, bila neno. Alikwenda. Nesi wa pale alimfungia mlango akamuuliza yale maswali kumi. Damu iko chini, amepewa vidonge vya kuongeza damu, na Jumatatu anaonana na daktari. Mama mkwe ndiye aliyempeleka, kambeba mtoto mwenyewe. Anasema mama mkwe alikuwa anaona siku zote, alikuwa anaogopa kuuliza asije akaonekana anamsema mkamwana.

Ila bado hajaachana na yule bwana. Anasema vikao viwili ameshalipia, na kwamba pamoja na yote ndiye mtu wa kwanza aliyemwambia "sio kosa lako". Sijui nimjibu nini hapo.


SistaWaZamu aliandika:

Usimjibu. Hilo neno alilihitaji na huyo bwana alilisema, mpe haki yake kwa hilo. Vikao viwili ni shilingi 60,000, mwache aamue mwenyewe, ameshaamuliwa vya kutosha. Akiendelea, asitaje majina wala mji. Muhimu ni kwamba sasa kuna nesi aliyemwona uso, na Jumatatu kuna daktari. Mwambie amuulize daktari kama ana mtu wa kuongea naye pale pale hospitalini, au wa simu wanayemfahamu wao. Wapo wengi wazuri. Mimi mwenyewe nilikuwa najiona mmoja wao.

Nijibu kitu kimoja. Swali la kumi alijibu nini?


FundiKioo_Moro aliandika:

"Mara chache sana."


SistaWaZamu aliandika:

Na nesi alimkalisha chini?


FundiKioo_Moro aliandika:

Ndiyo. Walikaa karibu saa nzima. Ndiye aliyemwita mama mkwe aingie, baada ya kumuuliza yeye kwanza kama anakubali.


SistaWaZamu aliandika:

Huyo nesi anajua kazi. Mpaka Jumatatu asilale peke yake. Shemeji yuko zamu ya usiku? Usiku huu nani yuko naye?


FundiKioo_Moro aliandika:

Shemeji kaomba ruhusa, anafika kesho jioni. Usiku huu mama mkwe kahamishia godoro lake chumbani kwao. Nimepiga sasa hivi, kapokea yeye kwa kunong'ona. Anasema wote wawili wamelala.